Kuchangia mbegu za kiume: mwongozo kamili kwa anayetaka kuwasaidia wengine wapate mtoto

Wengi wanaofikiria kuchangia mbegu hudhani ni kazi ya dakika kumi ndani ya chumba kilichofungwa. Chumba hicho kipo na tutafika humo, lakini ni kipande kidogo cha safari yenyewe. Kilichobaki ni maswali, sindano za kutoa damu, karatasi za kutia saini, miezi ya kungoja, na huko mbele kabisa kijana wa miaka 18 ambaye huenda ana pua yako na angependa kujua aliitoa wapi. Kila hatua humu nimeipima kwa kumfikiria huyo kijana, kwa sababu ndiye pekee asiyeulizwa kitu wakati watu wazima wanapopanga.

Wanaohitaji mbegu hizi ni wa aina nyingi. Kuna mwanamume aliyepimwa akaambiwa shahawa zake hazina mbegu hata moja. Kuna aliyenusurika na saratani, lakini dawa na mionzi vikaharibu kiwanda cha mbegu. Kuna wanandoa wanaobeba ugonjwa wa kurithi na hawataki kuupitisha kwa mtoto. Wapo pia wanawake wasio na mwenzi wa kiume. Tangu mwaka 1992, mbinu ya kudunga mbegu moja moja ndani ya yai imewawezesha wanaume wengi wenye mbegu chache sana kuzaa watoto wa damu yao. Kwa hiyo wanandoa wanaofika kwenye mlango wa mchangiaji mara nyingi wameshapita milango mingine mingi, na kila mmoja uliwaumiza.

Hatua ya kwanza: jiulize ukiwa nyumbani, kabla ya kwenda kliniki

Chukua karatasi, uandike majibu. Utajisikiaje ukijua kuna watoto wa damu yako unaowaona kwa mara ya kwanza wakiwa watu wazima, au usiowaona kabisa? Mmoja wao akibisha hodi miaka 20 ijayo, utamfungulia? Mkeo anajua? Watoto ulio nao, au utakaowapata, utawaambia lini kwamba wana ndugu mahali pengine?

Kama una mwenzi, asiwe wa mwisho kujua. Vituo vingi vitataka kujua kama mmezungumza, na wana sababu: siri ya namna hii ikivuja baada ya miaka kumi huvunja nyumba, hata kama tendo lenyewe lilikuwa la huruma.

Imani nayo ina neno lake. Wanazuoni wengi wa Kisunni wanakataza mbegu za mtu wa tatu kuingia katika ndoa, kwa kulinda nasaba. Kanisa Katoliki nalo lilitamka katazo lake wazi katika maelekezo ya mwaka 1987. Ikiwa dini ndiyo dira yako, kaa na kiongozi unayemwamini kabla ya kuanza. Kujiondoa katikati, wakati kuna watu wameshaanza kutumaini, ni kuwaumiza upya.

Halafu fedha. Ufaransa haimlipi mchangiaji, humrudishia gharama tu. Uingereza hulipa fidia maalumu, pauni 45 kwa kila safari ya kliniki tangu Oktoba 2024. Marekani benki nyingi za mbegu, yaani vituo vinavyohifadhi na kugawa mbegu, hulipa zaidi. Sioni ubaya mtu kufidiwa muda na nauli yake. Lakini kama fedha ndiyo sababu pekee inayokupeleka, ngoja kwanza. Fedha itakwisha ndani ya mwezi, mtoto ataishi miaka themanini.

Hatua ya pili: chagua njia, na hapa usifanye haraka

Njia ni tatu. Ya kwanza ni kuchangia kwenye benki ya mbegu au kliniki yenye leseni, wapokeaji wachaguliwe na kituo. Ya pili ni kumchangia mtu unayemfahamu, ndugu au rafiki, lakini kwa kupitia kliniki hiyo hiyo. Ya tatu ni mipango ya kienyeji: watu wanakutana mtandaoni, mmoja anakabidhi kikombe, mwingine anatumia bomba la sindano lisilo na sindano.

Hiyo ya tatu siishauri, na sababu ni mbili.

Moja ni maradhi. Mwaka 1985 madaktari wa Sydney, Australia, waliripoti kwamba wanawake 4 kati ya 8 waliopandikiziwa mbegu za mchangiaji mmoja walikuwa wameambukizwa virusi vya ukimwi. Yule mwanamume hakuwa na dalili yoyote. Mbegu zenyewe zilikuwa zimegandishwa, lakini hilo halikusaidia, kwani baridi huhifadhi virusi kama inavyohifadhi mbegu. Wakati huo dunia ndiyo kwanza ilikuwa inaujua ugonjwa huo, na kutokana na visa kama hicho ndipo vipimo na muda wa kungoja vikawa sheria. Anayetoa kikombe sebuleni anamrudisha mama kwenye hatari ya zama zile.

Pili ni sheria. Katika nchi nyingi, kinachomfanya mchangiaji asihesabiwe kuwa baba kisheria ni utaratibu wa kliniki pamoja na fomu zake. Makubaliano mliyoandikiana wenyewe yanaweza yasisimame mahakamani. Jimbo la Kansas, Marekani, mwanamume mmoja aliyewapa mbegu wanawake wawili bila daktari kuhusika alishtakiwa na serikali ya jimbo ili alipe matunzo ya mtoto, ingawa pande zote zilikuwa zimetia saini kwamba hatadaiwa kitu. Alihangaika na kesi hiyo kwa miaka.

Na mtu akikuambia kwamba njia nzuri zaidi ni kujamiiana, achana naye. Hiyo haitwi kuchangia mbegu.

Kumchangia ndugu au rafiki ni jambo jema likipangwa vizuri, na lina faida kwamba mtoto atakua akikufahamu. Ila kaeni chini mkubaliane mtoto atakuitaje, utamwona mara ngapi, nani ana kauli juu ya shule na malezi, na itakuwaje wazazi wakiachana au wakihama. Kila upande uwe na wakili wake. Wakili mmoja kwa wote hawezi kuwatetea wote.

Hatua ya tatu: ijue sheria ya siri

Kisa cha kwanza cha mbegu za mtu mwingine kilichoandikwa katika udaktari kilitokea Philadelphia mwaka 1884. Daktari alimlaza mgonjwa wake kwa klorofomu, dawa ya usingizi ya zama zile, akampandikizia mbegu za mmoja wa wanafunzi wa udaktari. Mama yule hakuambiwa. Habari ilichapishwa mwaka 1909, miaka 25 baadaye. Jambo hili lilianza kwa siri, na kwa karibu karne nzima siri ikachukuliwa kuwa ndiyo utaratibu wenyewe.

Waliobadilisha mambo ni watoto walipokua na kuanza kuuliza. Sweden ilitangulia: tangu mwaka 1985 mtoto aliyepatikana kwa mbegu za mchangiaji ana haki ya kujua ni nani, akishafikia ukomavu wa kutosha. Uholanzi ilifuata mwaka 2004. Uingereza iliondoa usiri kwa waliojiandikisha kuanzia Aprili 2005, na ilipofika Oktoba 2023 watoto wa kwanza wa sheria hiyo walianza kutimiza miaka 18 na kupata haki ya kuomba jina. Jimbo la Victoria nchini Australia lilikwenda mbali zaidi: tangu Machi 2017 hata watoto wa wachangiaji wa zamani walioahidiwa siri wanaweza kupewa jina.

Zipo nchi ambazo bado zinamruhusu mchangiaji afichwe, na zipo zisizo na sheria yoyote kuhusu jambo hili. Kabla ya kutia saini popote, uliza maswali matatu na upewe majibu kwa maandishi: mtoto anaweza kupata jina langu au hapana, na akiwa na umri gani? Je, mbegu zangu zitasafirishwa nje ya nchi? Kumbukumbu zitatunzwa kwa miaka mingapi, na nani atazitunza kituo kikifungwa?

Hata ukiahidiwa siri, usiiamini sana. Vipimo vya vinasaba vinavyouzwa kwa watu wa kawaida vimeumaliza usiri. Wewe mwenyewe huhitaji hata kupima. Binamu yako akituma mate yake kwenye kampuni ya nasaba, mtoto atawapata ukoo wenu jioni moja. Kwa hiyo changia kama mtu atakayejulikana, hata pale sheria inapokuficha.

Hatua ya nne: andaa mwili miezi mitatu kabla

Mbegu unayoitoa leo ilianza kutengenezwa takriban miezi miwili na nusu hadi mitatu iliyopita. Ndiyo maana homa kali ya wiki tatu zilizopita inaweza kuonekana kwenye kipimo cha leo, na ndiyo maana kuacha sigara jana hakutakusaidia kesho.

Korodani hufanya kazi zikiwa na ubaridi wa nyuzi joto 2 hadi 4 chini ya joto la mwili. Maji ya moto ya kuoga kwa kuzama, chumba cha mvuke, nguo za ndani za kubana na kompyuta mapajani, vyote huziongezea joto. Punguza pombe, acha tumbaku na bangi, lala vya kutosha.

Onyo moja kwa wanaonyanyua vyuma: sindano za testosteroni za kujaza misuli huzima kiwanda. Ubongo ukiona homoni hiyo imejaa kwenye damu, huacha kuziagiza korodani zifanye kazi, na mbegu zinaweza kwisha kabisa. Kurudi kwake huchukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Kama umewahi kuzitumia, mwambie daktari.

Umri unaokubaliwa mara nyingi ni kuanzia miaka 18 hadi 40 au 45.

Hatua ya tano: siku ya sampuli ya kwanza

Utaambiwa ukae bila kumwaga kwa siku 2 hadi 5. Usizidishe ukidhani utajaza zaidi, maana mbegu zilizokaa muda mrefu hupoteza mwendo. Siku yenyewe nenda na kitambulisho. Utapewa kikopo cha plastiki kisicho na vijidudu chenye mfuniko, na kibandiko chenye namba. Hakikisha namba hiyo ni ile ile iliyo kwenye fomu yako.

Nawa mikono na sehemu za siri, ujikaushe kabisa, kwa kuwa maji huua mbegu. Sampuli hutolewa kwa mkono. Usitumie mate, mafuta wala losheni, na usitumie kondomu ya kawaida, vyote hivyo huzidhuru mbegu. Halafu kuna jambo ambalo wengi huona haya kulisema: tone la kwanza kabisa ndilo lenye mbegu nyingi kuliko yote yanayofuata. Likidondoka nje ya kikopo, mwambie mhudumu. Hatakushangaa, ameshalisikia mara nyingi. Ukinyamaza, utaandikiwa majibu mabaya ambayo si yako.

Ikiwa umeruhusiwa kutolea nyumbani, weka kikopo kwapani au ndani ya shati karibu na ngozi kisipoe, ukifikishe maabara ndani ya saa moja, na mapema zaidi ni vizuri zaidi.

Maabara huanza kwa kusubiri. Shahawa hutoka nzito kama ute na huyeyuka zenyewe ndani ya nusu saa hivi. Kisha mtaalamu hupima ujazo, huweka tone chini ya hadubini, na kuhesabu kwenye kioo chenye mistari ya miraba. Viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2021, vilivyotokana na wanaume waliofanikiwa kuwapa wake zao mimba, vinaweka mpaka wa chini hivi: ujazo mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa kila mililita, zinazokwenda mbele asilimia 30, na zenye umbo zuri asilimia 4. Ndiyo, asilimia 4, wala usishtuke ukiambiwa nyingi zako zina kasoro, kila mwanamume ndivyo alivyo.

Mchangiaji huhitajika kuwa juu ya mpaka huo kwa mbali, kwa sababu sehemu kubwa ya mbegu, mara nyingi karibu nusu, haiamki baada ya kugandishwa. Wanaume wengi wazima kabisa hukataliwa hapa. Kukataliwa hakumaanishi kwamba wewe ni mgumba. Maana yake ni kwamba mbegu zako hazipendi barafu. Ila kama kipimo kimeonyesha tatizo la kweli, kituo kizuri kitakuambia na kukuelekeza kwa daktari.

Hatua ya sita: damu, mkojo na ukoo

Utapimwa virusi vya ukimwi, homa ya ini B na C, kaswende, kisonono na klamidia. Vituo vingi huongeza kirusi cha sitomegalo, ambacho mtu mzima anaweza kukaa nacho maisha yake yote bila kujua, lakini kinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Yatasomwa makundi ya damu na kromosomu, na jeni za magonjwa yanayojulikana zaidi kwa watu wa asili yako: selimundu, thalasemia (ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi), na mengine.

Hili la kubeba jeni linahitaji kueleweka vizuri. Unaweza kubeba jeni ya selimundu maisha yako yote usiumwe hata siku moja. Ikikutana na yai la mama anayebeba jeni hiyo hiyo, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto kuzaliwa na ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo kubeba si lazima kukuondoe, ila mama lazima apimwe.

Usijibu maswali ya ukoo kwa kubahatisha. Nenda kwa wazazi, mashangazi na wajomba, uwaulize: nani alikufa kijana, na kwa nini? Nani alikuwa na kifafa, kisukari cha utotoni, saratani kabla ya miaka 50, ugonjwa wa akili, uziwi wa kuzaliwa? Shangazi anayekumbuka kila msiba wa ukoo atakusaidia kuliko mashine nyingi. Ukificha jambo ili upite, anayebeba mzigo ni mtoto wa mtu mwingine.

Hatua ya saba: ushauri nasaha na fomu za ridhaa

Kituo kisicho na mshauri nasaha, ondoka. Kaa naye, na usione haya kurudi mara ya pili.

Kwenye fomu, soma kila mstari. Kifungu kikubwa kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni idadi ya familia. Uingereza haizidishi familia 10 kwa mchangiaji mmoja, Denmark 12. Lakini mipaka hiyo mara nyingi huishia kwenye mpaka wa nchi, na mbegu husafiri. Mwaka 2023 mahakama ya The Hague ilimpiga marufuku Mholanzi mmoja kuendelea kuchangia baada ya kubainika kwamba alikuwa na watoto kati ya 550 na 600. Hebu fikiria kijana katika nchi ile, kila akipendana na mtu inabidi kwanza aulize. Andika kikomo chako mwenyewe, dunia nzima ikihesabiwa, na ukikataliwa tafuta kituo kingine.

Angalia pia: mbegu zitatumika kwa matibabu tu au na utafiti? Ukifa, ziendelee kutumika au ziharibiwe? Unaweza kuondoa ridhaa mpaka lini? Kwa kawaida ni kabla ya mbegu, au viinitete (mayai yaliyorutubishwa) vilivyotokana nazo, kutumika kwa mama. Mimba ikishaingia, hakuna kurudi nyuma.

Andika na barua kwa mtoto. Vituo vingi huruhusu. Usijitangaze, mweleze tu wewe ni mtu wa namna gani, unapenda nini, kwa nini ulichangia. Kurasa mbili zinatosha.

Hatua ya nane: kutoa, kugandisha, kungoja

Sasa utafika kliniki mara moja au mbili kwa wiki, kwa miezi kadhaa. Kila sampuli huchanganywa taratibu na kimiminika chenye gliserini, ambayo huzuia maji ya ndani ya mbegu yasigeuke vipande vya barafu vyenye ncha kali. Uwezo huo wa gliserini uligunduliwa mwaka 1949 kwa mbegu za jogoo, na mwaka 1953 huko Iowa, Marekani, zikaripotiwa mimba za kwanza za binadamu kwa mbegu zilizogandishwa. Mchanganyiko hutiwa kwenye mirija myembamba iliyoandikwa namba, hupozwa kwenye mvuke, kisha huzamishwa katika naitrojeni ya kimiminika, nyuzi joto 196 chini ya sifuri. Humo zinaweza kukaa miongo.

Mirija hufungiwa karantini, kwa kawaida miezi 6, kisha unaitwa upimwe damu upya. Maambukizi ya jana hayaonekani kwenye kipimo cha leo, na kungoja ndiko kunakoyafichua. Vituo vingine hufupisha muda kwa kipimo kinachotafuta chembe za kirusi chenyewe. Usiporudi kwa kipimo hiki cha mwisho, kazi yote uliyofanya haitumiki. Weka tarehe hiyo kwenye simu yako tangu siku ya kwanza.

Kwa wanaopokea

Mbegu zikiruhusiwa, husafishwa na kuwekwa moja kwa moja ndani ya mfuko wa uzazi siku yai linapopevuka, au hukutanishwa na yai maabara. Mara nyingi haishiki mara ya kwanza, kwa hiyo jipangeni kwa mizunguko kadhaa. Mkitaka watoto wawili wa mchangiaji mmoja, nunueni na kuhifadhi mirija mapema, kwani huweza kwisha.

Mwambieni mtoto mapema, kabla hata hajaanza shule, kwa maneno mepesi: "Tulikutaka sana, mbegu zetu zilikuwa na hitilafu, mtu mwema akatupa zake." Mtoto aliyekua na habari hiyo huichukua kama sehemu ya hadithi yake. Anayeipata akiwa na miaka 30, msibani au kwenye majibu ya vinasaba, hujiuliza ni nini kingine alichofichwa. Na wewe baba uliyelea, usiogope. Unayemfungia kamba za viatu kila asubuhi anajua baba yake ni nani.

Hatua ya tisa: baada ya kumaliza

Kazi yako haiishi na sampuli ya mwisho. Mei 2025 ilitolewa ripoti kuhusu mchangiaji mmoja wa Ulaya, mzima wa afya, ambaye baadhi ya mbegu zake zilibeba hitilafu ya jeni ya TP53 inayosababisha saratani. Walihesabiwa watoto wasiopungua 67 katika nchi 8, na 10 kati yao walikuwa wameshapata saratani. Vipimo vya kawaida visingeweza kuiona, na yeye hakuwa na kosa. Kilichowezesha familia kuonywa ni kumbukumbu zilizokuwepo pamoja na taarifa zilizopita kutoka kituo kimoja hadi kingine.

Kwa hiyo wewe, au ndugu yako wa damu, mkigunduliwa ugonjwa wa kurithi hata miaka 15 baadaye, pigia kituo simu wiki hiyo hiyo. Ukihama nyumba au kubadilisha namba, wajulishe. Namba ya faili yako, jina la kituo na nakala ya fomu ulizotia saini, viweke kwenye bahasha moja pamoja na cheti chako cha kuzaliwa, na umwonyeshe mkeo au ndugu yako mahali bahasha ilipo.